Feni Iliyobaki na Nambari Nne

Kuna ugonjwa wa gari ambao wenye magari wengi Nairobi wanaujua hata kama hawajui jina lake. Unazungusha swichi ya feni kwenye moja, kimya. Mbili, kimya. Tatu, kimya. Nne, upepo unakupiga usoni kama umetoa kichwa dirishani pale Thika Road. Fundi hata hajafungua kitu anakwambia, "Hiyo ni rizista." Na mara nyingi yuko sawa. Anatoa ya zamani, anaweka nyingine ya ex-Japan iliyotoka Kirinyaga Road, nambari zote zinarudi, unalipa, unaenda zako. Kitu ambacho hakuna anayeuliza ni kwa nini hiyo rizista iliungua. Kuna kampuni kubwa ya magari Uingereza ambayo nayo ilichelewa kuuliza, na magari zaidi ya mia moja yakashika moto. Swali likaishia kujibiwa mbele ya kamati ya bunge.

Nitafika huko. Kwanza tujue hii feni ilitoka wapi, kwa sababu historia ya gari tunayosimuliwa ni ya injini na mbio, na hakuna anayesimulia kilichokuwa kikiendelea nyuma ya dashibodi.

Magari ya kwanza hayakuwa na haja ya feni kwa sababu hayakuwa na vioo vya kufunga pande zote. Abiria alijifunika blanketi na kuvumilia baridi. Gari zilipoanza kufungwa kama chumba, joto likatafutwa mahali lilipokuwa likipotea bure, yaani kwenye bomba la moshi na kwenye maji ya rejeta. Njia ya maji ndiyo iliyoshinda. Maji moto ya injini yanapitishwa kwenye rejeta ndogo ndani ya gari, na feni inapuliza hewa ipite katikati yake. Ni wazo rahisi sana. Shida ni kwamba hita nyingi za zamani zilikuwa zikizungusha hewa ile ile iliyomo ndani. Watu wanne wanapumua, pumzi zao zina unyevu, unyevu unakimbilia kioo baridi, na dereva anabaki na gari yenye joto asiyoweza kuona nje yake.

Mwaka wa 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ilitoa mtambo uliobadilisha mambo. Hewa ilitolewa nje, ikachujwa, ikapashwa moto, halafu feni ikaisukuma ndani kwa nguvu kidogo kuliko hewa ya nje, ili baridi isipenye kwenye nyufa za milango. Mwaka uliofuata wakaongeza kifaa cha kudhibiti joto. Mtambo huo waliuita Weather Eye. Na si bahati tu kwamba ni Nash. Mwaka wa 1937 walikuwa wameungana na Kelvinator, watengenezaji wa friji. Watu wa friji wanaelewa jambo ambalo watu wa injini walichelewa kulielewa: huwezi kutawala joto la chumba kama hutawali mwendo wa hewa yake.

Ukitaka kuona uzito wa feni, angalia Packard. Kampuni hiyo ndiyo ya kwanza kuuza gari yenye kiyoyozi kilichotoka kiwandani, katika modeli za 1940. Kiligharimu dola 274. Sehemu yake ya baridi ilikaa nyuma, kwenye buti, na hewa ilitoka nyuma ya kiti cha abiria ikapita shingoni mwao. Sasa sikia. Kompresa haikuwa na klachi. Injini ikiwaka, kompresa inazunguka, upende usipende. Ukitaka kuizima kabisa, unasimamisha gari, unafungua boneti, unatoa mkanda kwa mkono wako. Ndani ya gari hapakuwa na kidhibiti cha baridi. Kilichokuwepo ni swichi ya feni. Yaani AC ya kwanza ya gari duniani iliendeshwa na feni peke yake: ukiona baridi imezidi, unapunguza upepo. Haikupata wanunuzi wengi na haikudumu.

Nash ndio waliorudi na jibu mwaka wa 1954. Waliunganisha hita na kiyoyozi mbele ya gari, chini ya boneti na nyuma ya dashibodi, kwa dola 345. Mpangilio huo ndio tulio nao hadi leo kwenye Vitz, kwenye Probox, kwenye Prado. Feni moja, njia moja ya hewa. Hewa inapita kwanza kwenye kipoozaji, halafu kuna mlango mdogo unaoamua ni kiasi gani kipite kwenye rejeta ndogo ya joto. Ndiyo maana feni ikifa hupotezi hita pekee wala AC pekee. Unapoteza zote mbili siku moja.

Kulikuwa na waliokataa njia hiyo. Volkswagen Beetle, gari iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1962 na ambayo wazee wengi hapa bado wanaisifu kama mtu anavyosifu ng'ombe wake wa kwanza, haikuwa na maji kwenye injini. Bila maji hakuna rejeta ya joto. Feni kubwa inayopoza injini ndiyo iliyosukuma hewa moto hadi mbele, kupitia njia zilizo ndani ya chuma kilicho chini ya milango. Ukikanyaga mafuta unapata joto. Ukisimama kwenye foleni, joto linaisha. Chuma hicho kikila kutu, joto linamwagika barabarani. Na kabla ya modeli za 1963, hewa hiyo ilikuwa imepita moja kwa moja kwenye silinda, kwa hivyo ilikuja na harufu ya oili, na kama kuna mahali moshi unavuja, ilikuja na sumu pia. Beetle ilikuwa gari nzuri, lakini kwa habari ya hewa ilikuwa inamfanya abiria avute pumzi ya injini.

Najua mtu wa Mombasa atasoma haya na kuuliza, kwani hita ya nini Kenya? Swali hilo haliulizwi na mtu aliyewahi kuteremka Kinungi saa kumi alfajiri, au kupita Limuru mwezi wa saba, au kufika Timboroa usiku wa mvua akiwa na matatu iliyojaa. Hapo utamwona dereva ameshika usukani kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mwingine, anafuta kioo, kinarudi kuwa cheupe, anafuta tena. Mwanga wa lori linalokuja unatawanyika kwenye ule ukungu mpaka huoni barabara inakata upande gani. Dawa yake imo ndani ya gari. Washa AC, washa na joto, elekeza feni kwenye kioo. Watu hudhani AC na hita ni maadui. Ukweli ni kwamba zinasaidiana: AC inakausha hewa kwa sababu unyevu unaganda kuwa matone kwenye kipoozaji na kutiririka chini ya gari, joto linapasha kioo, na feni inapeleka hiyo hewa kavu mahali inapotakiwa. Marekani waliliona jambo hili kuwa la uhai, na tangu tarehe 1 Januari 1968 kanuni yao ya usalama nambari 103 inataka kila gari iwe na mtambo wa kuondoa ukungu na barafu kwenye kioo cha mbele. Kwa sheria hiyo, feni iko kundi moja na breki na taa.

Sasa turudi kwa rizista.

Mota ya feni, ambayo mafundi wengi huiita blowa, hutumia volti 12 za betri. Kwa kasi ya juu, ya kawaida inaweza kuvuta ampea 20 hivi, ambazo ni wati 240, karibu sawa na taa kubwa nne za mbele za zamani. Kuipunguza kasi, watengenezaji walichukua njia ya bei rahisi. Waliweka vizuizi vya umeme njiani. Nambari moja inapita kwenye vizuizi vyote, nambari mbili inaruka kimoja, nambari tatu inaruka viwili, na nambari nne haipiti kwenye rizista kabisa. Inakwenda moja kwa moja kwa mota. Hapo ndipo jibu la ugonjwa wetu lilipo: nambari nne inaishi kwa sababu haikuwahi kumtegemea marehemu.

Lakini umeme unaozuiwa haupotei. Unageuka joto. Rizista ni hita ndogo, nyaya zilizosokotwa ambazo zingeweza kuwa nyekundu kama za jiko la umeme, na njia pekee ya kuipoza ni upepo wa feni ile ile inayoidhibiti. Ndiyo maana imetumbukizwa ndani ya njia ya hewa, kichwa kikiwa ndani na plagi nje. Ukifikiria vizuri utaona mtego. Rizista inategemea feni iizungushie hewa, na feni inategemea rizista iipimie umeme. Siku mmoja akiugua, anamuua mwenzake.

Na feni huugua polepole. Chujio nyuma ya kisanduku cha dashibodi linajaa vumbi. Majani ya jakaranda yanaingia kwenye matundu yaliyo chini ya waipa, yanaziba njia ya maji, na maji ya mvua yanatafuta njia nyingine, mara nyingi juu ya mota. Bushi za mota zinakauka, zinaanza kulia asubuhi kama kifaranga aliyepotea. Mota iliyobanwa isizunguke vizuri haili umeme kidogo. Inakula zaidi. Mtu asiyejua atadhani mota nzito ni mota iliyochoka na kwa hivyo inavuta kidogo, lakini ni kinyume: kuzunguka kwenyewe ndiko kunakozuia umeme usiingie kwa fujo, na kuzunguka kukipungua, umeme unaongezeka. Basi rizista inapitisha umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa, wakati huo huo upepo wa kuipoza umepungua. Hapo inaungua. Unaweka mpya. Baada ya miezi michache inaungua tena, na unasema vipuri vya siku hizi ni feki.

Watengenezaji waliliona hilo, wakaweka mlinzi. Kwenye rizista nyingi kuna fyuzi ya joto, kiungo kidogo kinachoachia kikipata joto la kupita kiasi. Kikiachia, moja hadi tatu zinazima, nne inabaki. Dalili ni ile ile. Tofauti ni kwamba hapa rizista haijaungua bado. Mlinzi amefunga mlango.

Hapo ndipo tunafika kwa Vauxhall Zafira.

Zafira B ilikuwa gari ya familia, ya viti saba, iliyouzwa Uingereza kati ya 2005 na 2014. Gari ya kupeleka watoto shuleni. Mwaka wa 2015 habari zikaanza kujaa za wenye magari hayo waliosikia harufu ya kuungua, wakaona moshi unatoka upande wa abiria wa mbele, wakatoa watoto kwenye viti, na baada ya dakika chache gari yote ikawa moto. Wenyewe walikutana mitandaoni, wakalinganisha picha, wakaona zinafanana. Na zilifanana katika jambo lingine. Magari yaliyokuwa hatarini ni yale yasiyokuwa na kiyoyozi cha kujirekebisha chenyewe. Yaani yale yenye swichi ya kuzungusha. Yenye rizista.

Maelezo ya kwanza ya kampuni yalikuwa kwamba fyuzi ya joto ilikuwa imechezewa. Mtu fulani, fundi fulani, alikuta feni imebaki na nambari nne, akaona kiungo kimeachia, akakiunganisha kwa risasi ya kulehemu au kipande cha waya. Nambari zote zikarudi. Mwenye gari akafurahi. Mlinzi akawa ameondolewa mlangoni. Na kusema kweli hilo lilikuwa limefanyika kwenye baadhi ya magari. Desemba 2015 kampuni ikaita zaidi ya magari 230,000 yarudi yakaguliwe, na yaliyochezewa yawekewe rizista nzuri.

Halafu magari yaliyokwisha kukaguliwa nayo yakaanza kushika moto.

Hapo hadithi ya fundi mbaya ikaishiwa pumzi. Kama tatizo lilikuwa ni mtu aliyeunganisha waya, mbona gari iliyopita mikononi mwa kampuni yenyewe iungue? Mwaka wa 2016 kampuni ikatoa wito wa pili, na safari hii haikuangalia rizista pekee. Iliangalia na mota. Unyevu ulikuwa ukiingia kwenye mota, kutu inaikamata, inakuwa nzito au inakwama kabisa, na umeme unaobaki unapasha rizista. Mwezi wa Julai mwaka huo wakuu wa kampuni waliketi mbele ya kamati ya uchukuzi ya Bunge la Uingereza kujieleza. Ripoti ya kamati ilitoka Aprili 2017 na haikuwabembeleza. Iliwalaumu kwa kuchelewa kuchunguza, kwa kuegemea maelezo ya ukarabati mbovu, na kwa kuwaacha watu waendelee kuendesha magari hayo wakati tayari walijua kuwa yaliyorekebishwa yanaungua.

Swali linalonisumbua mimi katika kisa hiki ni moja. Fyuzi ya joto ikiachia kwenye gari moja, hiyo ni ajali. Ikiachia kwenye magari mengi kiasi kwamba kuna mafundi nchi nzima wanaoijua na wana njia yao ya kuiunganisha, hiyo si tabia mbaya ya mafundi. Hiyo ni taarifa. Mafundi walikuwa wakiiambia kampuni, kwa lugha ya risasi na waya, kwamba kuna kitu kinachopasha joto rizista hizi kupita kiasi. Kampuni ikaisikia kama kosa la aliyeileta. Na si wao pekee waliokutana na moto wa nyuma ya dashibodi. Novemba 2017 BMW iliita Marekani zaidi ya magari 600,000 ya mfululizo wa 3, ya miaka ya 2006 hadi 2011, kwa sababu nyaya na plagi za feni zingeweza kupata joto kupita kiasi.

Sisi huku tunalaumu fundi kabla ya kumaliza chai. Ni desturi. Lakini angalia magari tunayompelekea. Sheria yetu inaruhusu gari iliyotumika iingie ikiwa haijapita miaka 8. Ikishuka bandarini Mombasa, bushi za mota yake zina miaka hiyo yote mgongoni, chujio labda ni lile lile, na hakuna wito wa kiwanda utakaomfuata mwenye gari mpya hadi Kayole. Pale Kirinyaga Road fundi ndiye kiwanda, ndiye mkaguzi, na mara nyingine ndiye kamati ya bunge. Anachokosa ni muda ambao mteja yuko tayari kulipia. Mteja anataka nambari zirudi.

Kwa hivyo ukipeleka gari yenye nambari nne peke yake, usikubali rizista tu. Mwombe atoe mota pia. Kwenye magari mengi ya Kijapani ni skrubu tatu na plagi moja, kazi ya dakika chache. Azungushe lile tenga la plastiki kwa kidole. Likizunguka kidogo baada ya kuachiwa, bushi ni nzima. Likisimama papo hapo kama limeshikwa mkono, umempata muuaji. Aangalie plagi: plastiki ikiwa imegeuka kahawia au imeyeyuka pembeni, plagi nayo itolewe, kwa sababu pini iliyolegea inatengeneza joto lake yenyewe na itaimaliza hata rizista mpya. Chujio litolewe, na kama kuna kiota cha panya ndani, usishangae. Majani ya chini ya waipa yasafishwe na njia ya maji izibuliwe. Kama ana mita ya kupima ampea, apime mota ikiwa kwenye nne na alinganishe na kiwango cha fyuzi iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi. Mota nzima haikaribii kiwango hicho.

Kuna marekebisho mawili ambayo nayakataa hata kama yamefanywa na fundi ninayempenda. La kwanza ni kuunganisha fyuzi ya joto. Bora mtu aniache na nambari nne, maana nambari nne haipiti kwenye rizista na haina cha kuchoma hapo. La pili ni kuweka fyuzi kubwa baada ya ile ya kawaida kukatika mara mbili. Fyuzi ya 30 ikitolewa ikawekwa ya 40, waya ndiyo inayogeuka kuwa fyuzi, na waya imepita nyuma ya dashibodi karibu na sponji na zulia. Kwenye gari za zamani ambazo umeme wote wa feni unapita kwenye swichi yenyewe, kuongeza rilei na ardhi nzuri ni uboreshaji wa kweli. Swichi inaacha kuungua na feni inapata nguvu ambayo haijawahi kuwa nayo.

Magari yenye kiyoyozi cha kujirekebisha yameachana na nyaya za kupasha joto. Yanatumia transista inayowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na feni inaona wastani wake. Joto ni dogo, ingawa lipo, na ndiyo maana kifaa hicho nacho kina mapezi ya alumini na kimewekwa pale pale, kwenye njia ya upepo. Mota ikiwa nzito nacho kinakufa, na safari hii hakikuachii nambari nne. Feni inanyamaza kabisa, au inakwama kwenye kasi moja na haizimiki hata ukitoa ufunguo, mpaka mtu afungue boneti na kutoa waya ya betri kwa mkono wake, kama mwenye Packard alivyokuwa akitoa mkanda.